Walioshika Kiti kwa Ajili ya Mtoto

Nawasalimu ninyi mlioketi jikoni huko Kagaari na Kyeni, ninyi mliofunga maduka sasa hivi hapo Runyenjes, na ndugu zetu mnaotusikia kutoka Meru. Habari ya leo ni ya mtoto mmoja aliyepewa ufalme kabla hajajua kusema sawasawa, na ya watu wazima waliomshikia ufalme huo mpaka alipokua.

Huenda mzee mmoja akauliza: sisi watu wa Embu na Meru tuna habari gani na wafalme? Ni kweli. Kwetu hapakuwa na mfalme. Mashauri yalikatwa na wazee wa kiama, na kwa Wameru yalifika mbele ya Njuri Ncheke. Hakuna mtoto aliyepewa madaraka kwa kuwa ni mwana wa fulani. Kila mtu alingoja rika lake lifike. Lakini, mzee wangu, kila boma letu lina kiti chake. Baba anapofariki na watoto wangali wadogo, nyuma yake limebaki shamba, imebaki kahawa, imebaki majani chai, na ni lazima mtu mzima avishike mpaka watoto wakue. Hapo ndipo habari ya Buganda inapokuwa habari yetu.

Basi twende pamoja mpaka Mengo, mwaka wa 1897. Mfalme wa Buganda, ambaye Waganda humwita Kabaka, alikuwa Mwanga. Waingereza walikuwa wameifanya Uganda kuwa nchi chini ya ulinzi wao mwaka 1894, na tangu hapo nguvu za Mwanga zilipungua. Mambo makubwa yalikatwa na maofisa wa Kiingereza pamoja na wakuu Wakristo wa Buganda. Mwanga hakuweza kuvumilia. Mwezi wa Julai 1897 alitoka Mengo kwa siri, akaenda Buddu, upande wa kusini-magharibi, akakusanya watu wa vita. Tarehe 20 Julai alishindwa mahali paitwapo Kabuwoko, akakimbilia nchi iliyokuwa ya Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania.

Kiti kikabaki kitupu. Tarehe 9 Agosti ilitangazwa kwamba Mwanga ameondolewa katika ufalme, na tarehe 14 Agosti mwanawe, Daudi Chwa, akatangazwa kuwa Kabaka. Daudi alizaliwa tarehe 8 Agosti 1896. Hesabu mwenyewe, ndugu msikilizaji. Mfalme huyu alikuwa na umri wa mwaka mmoja na siku sita.

Mtoto wa umri huo hawezi kukata shauri, hawezi kutia sahihi, wala hawezi kujua ni nani rafiki na ni nani adui. Basi waliwekwa watu watatu washike utawala kwa niaba yake. Wa kwanza ni Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro, yaani waziri mkuu. Wa pili ni Stanislaus Mugwanya, mkuu wa Wakatoliki. Wa tatu ni Zakaria Kisingiri, Mprotestanti kama Kagwa.

Watu hawa walikuwa wamepita katika mambo mazito. Kagwa na Mugwanya walikuwa vijana wa kutumwa katika boma la mfalme, na waliishi katika siku zile za 1885 na 1886 Mwanga alipowaua vijana wengi Wakristo. Baadaye wao kwa wao waligeuka kuwa adui. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana kwa bunduki hapo hapo Mengo, Kagwa upande mmoja na Mugwanya upande mwingine. Sasa, baada ya miaka mitano tu, wameketi katika baraza moja, na mtoto mchanga yumo mikononi mwao.

Tena fikirini hali ya mtoto mwenyewe. Yatima hakuwa. Baba yake alikuwa hai, na baba huyo alikuwa adui wa walezi wake. Walezi wakishinda, baba ameshindwa. Baba akirudi, walezi wamekwisha.

Wala nchi haikutulia. Kabla miezi miwili haijapita, askari Wasudani waliokuwa wakiwatumikia Waingereza waliasi huko Eldama Ravine, katika Kenya yetu ya leo. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, na mishahara yao ilikuwa midogo. Wakaenda mpaka ngome ya Luba katika Busoga, na mwezi wa Oktoba wakawaua Waingereza watatu waliokuwa wamewakamata. Majeshi ya Waganda yalikwenda kupigana nao, na watu wengi walikufa. Miongoni mwao alikuwa George Pilkington, aliyeongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Luganda. Alipigwa risasi tarehe 11 Desemba 1897. Wakati huo huo Mwanga alitoroka mikononi mwa Wajerumani, akarudi kupigana, akaungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, ambaye zamani alikuwa adui wa Buganda. Vita vikaendelea mpaka tarehe 9 Aprili 1899, wafalme hao wawili walipokamatwa pamoja katika nchi ya Lango. Wakapelekwa uhamishoni, mwishowe visiwani Shelisheli katika Bahari ya Hindi. Huko Mwanga alibatizwa, na huko alifariki Mei 1903. Hakurudi Buganda mpaka mwaka 1910, ulipoletwa mwili wake ukazikwa Kasubi.

Daudi alikuwa hajatimiza miaka mitatu baba yake alipokamatwa. Nasema haya ili tusiwahukumu walezi kwa haraka. Kushika kiti cha mtoto katika siku kama hizo ni kazi ngumu. Wangeweza kukichukua wenyewe, au kukiacha kianguke. Hawakufanya hivyo. Ufalme ulibaki, na mtoto alikaa hai na salama.

Lakini sasa tufike mahali penye mafundisho. Baada ya vita kwisha alikuja mjumbe wa serikali ya Uingereza, Sir Harry Johnston, ili nchi iwekwe katika utaratibu mpya. Mazungumzo yakaendelea miezi kadhaa, na tarehe 10 Machi 1900 mkataba ukatiwa sahihi huko Mengo. Siku hiyo Kabaka Daudi Chwa alikuwa na miaka 3 na miezi 7. Walezi wake na wakuu wengine ndio waliotia sahihi kwa niaba yake na ya watu wake.

Mkataba huo uliagiza kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba na rupia 3 kwa kila bunduki. Lakini jambo lililoibadili nchi kuliko yote ni ardhi. Zamani, katika Buganda, Kabaka ndiye aliyewapa wakuu madaraka juu ya nchi, naye aliweza kuwaondoa. Koo nazo zilikuwa na mahali pao pa asili, walipozikwa babu zao, paitwapo butaka. Sasa nchi yote ilikisiwa kuwa maili za mraba 19,600, ikagawanywa kwa karatasi. Serikali ilichukua maili 9,000 za ardhi isiyolimwa, na tena 1,500 za misitu. Wakuu na wenye mashamba wapatao 1,000 waliwekewa maili 8,000. Kabaka mtoto aliwekewa 350. Misheni tatu za Kikristo ziliwekewa 92. Na kila mmoja wa walezi watatu aliwekewa maili 16 ziwe mali yake mwenyewe, na 16 nyingine za cheo chake.

Maili moja ya mraba ni eka 640. Basi mlezi mmoja alipata zaidi ya eka 10,000 kuwa mali yake, mbali na zile za cheo. Wewe uliye na eka mbili hapo Kyeni, na watoto watano wanaozitazama, unajua hesabu hiyo ina uzito gani. Nayo ardhi ya wale wakuu 1,000 iligawanywa na baraza la Lukiiko, ambalo viongozi wake walikuwa walezi hao hao. Wakulima waliokuwa wakilima tangu zamani wakaamka siku moja wakijua kwamba shamba wanalolilima ni mali ya bwana fulani.

Hata sisi wa kanisa tusijitoe katika hesabu hii. Misheni nazo zilipokea, na maaskofu walikuwapo karibu na meza ya mashauri. Wala sisemi kwamba waliotia sahihi walikuwa wezi. Waliona Waingereza wana nguvu, wakaona afadhali ardhi iandikwe kwa majina ya Waganda kuliko ichukuliwe yote na wageni. Sisi wa Kenya, tuliokuja kuona ardhi ya wenzetu ikitwaliwa na masetla, hatuwezi kuidharau hoja hiyo. Lakini mtu aweza kuwa na sababu njema na bado akajipimia fungu kubwa. Mambo hayo mawili hukaa ndani ya moyo mmoja, na mara nyingi mwenye moyo hana habari.

Tuendelee. Walezi waliongoza kwa miaka 17. Tukitenda haki tutasema pia mema yao. Hospitali ya Mengo ilianza mwaka ule ule wa 1897. Shule ya Budo ilifunguliwa mwaka 1906. Kagwa mwenyewe aliandika historia ya wafalme wa Buganda, na mwaka 1902 alisafiri mpaka Uingereza kwa kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Ilikuwapo na misiba mikubwa. Tangu mwanzo wa karne ugonjwa wa malale uliingia kandokando ya Ziwa Victoria, na katika miaka michache uliua watu zaidi ya 200,000 kwa makadirio, Busoga na Buganda, hata serikali ikawahamisha watu wote wa pwani ya ziwa. Mtoto alikulia katikati ya hayo yote, akifundishwa na mwalimu Mwingereza, huku mambo ya nchi yake yakikatwa na wengine.

Agosti 1914 Daudi Chwa alitimiza miaka 18, na walezi wakamkabidhi utawala. Siku hiyo ilifika kama ilivyoandikwa. Lakini alikabidhiwa nini? Alikabidhiwa nchi iliyokwisha kugawanywa. Jina la mfalme lilikuwa lake. Mkataba ulikuwa umetiwa sahihi alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, nao ulimfunga mpaka kufa kwake.

Ndipo malalamiko yakamjia. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza, wazee wa koo, Bataka, walimwendea wakamwambia: makaburi ya babu zetu yamo katika mashamba ya watu wengine, turudishie. Daudi Chwa aliwasikiliza, akaona wana haki. Upande wa pili wakasimama wakuu wenye ardhi, na mbele yao Katikiro Apolo Kagwa, yule yule aliyemshikia kiti. Mwaka 1924 tume ya serikali ilikaa, mashahidi wakasemezana hadharani juu ya jinsi ardhi ilivyogawanywa. Mwishowe serikali ya Uingereza iliamua ugawaji wa 1900 usitenguliwe. Wakulima walipata nafuu kidogo kwa sheria ya mwaka 1927 iliyoweka mpaka wa kodi ambayo mwenye ardhi aweza kudai. Makaburi hayakurudi.

Kagwa naye aligombana na ofisa wa Kiingereza, na mwaka 1926 akaacha kazi aliyoishika tangu kabla Kabaka wake hajazaliwa. Kabaka hakusimama upande wake. Februari 1927 Kagwa alifariki Nairobi. Daudi Chwa aliishi mpaka Novemba 1939, na aliyemrithi, mwanawe Mutesa wa Pili, alikuwa na umri wa miaka 15. Kwa mara nyingine walezi wakaitwa.

Wasikilizaji wapenzi, wasomaji wa Biblia wanakumbuka mtoto mwingine wa namna hii. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, Yoashi alifichwa hekaluni miaka sita ili bibi yake Athalia asimwue, akafanywa mfalme akiwa na miaka saba, na kuhani Yehoyada akamwongoza. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini soma sura inayofuata. Yoashi alipokuwa mtu mzima aliona kwamba fedha za kutengeneza hekalu zinaingia, na hekalu bado lina nyufa. Akamwita Yehoyada, mlezi wake mwenyewe, akamwuliza sababu. Yehoyada hakukasirika, wala hakusema, “Nilikulea, nawe wanihoji?” Alitwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu, mahali watu wote wanapopita. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu fedha pamoja.

Sanduku hilo ndilo ninalotaka tulichukue leo. Yehoyada alikuwa mtu mwema, na bado palihitajika sanduku. Wema wa mlezi hautoshi. Kagwa na wenzake walikuwa na akili, ushujaa na dini. Walichokosa ni mtu wa kuhesabu pamoja nao siku ile ardhi ilipogawanywa. Aliyepaswa kuuliza alikuwa na miaka mitatu. Alipopata sauti ya kuuliza, karatasi zilikuwa zimekauka wino zamani.

Sasa turudi kwetu. Ardhi ya Embu na Meru ilipimwa na kuandikwa katika miaka ya 1950 na 1960 na baadaye. Katika maboma mengi, siku ya kuandikisha, baba amekufa au watoto ni wadogo, na jina lililoandikwa ni la kaka mkubwa au la baba mdogo. Wote walijua kwamba ameandikwa kwa niaba ya wengine. Hakuna aliyeandika neno hilo “kwa niaba”. Miaka ikapita, waliojua wakafa, karatasi ikabaki na jina moja. Ni kesi ngapi zimetoka hapo? Ni ndugu wangapi hawasalimiani mazishini?

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya namna hiyo hiyo, iliyotoka Meru. Majaji walikubali kwamba ardhi ya ukoo iliyoandikwa kwa jina la mtu mmoja yaweza kuwa amana kwa ajili ya jamaa, hata kama hati haisemi hivyo. Mwenye kudai anapaswa kuleta ushahidi, lakini mlango uko wazi. Tena Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema kwamba mtu akifa bila wosia akaacha watoto wadogo, mali yao isiwekwe mikononi mwa mtu mmoja peke yake. Wasimamizi wasipungue wawili, isipokuwa mali hiyo ikishikwa na ofisi ya serikali au shirika lililowekwa kwa kazi hiyo. Na hesabu kamili ya mali ipelekwe mahakamani ndani ya miezi sita. Hilo ni sanduku la Yehoyada, limewekwa ndani ya sheria zetu.

Lakini watu hawapendi kuingia mahakamani, na safari ni ya gharama. Basi fanya jambo lililo karibu. Wewe baba mdogo, wewe shangazi, wewe kaka mkubwa unayeshika shamba la watoto wa marehemu, nunua daftari. Andika kahawa ilileta kiasi gani, bonasi ya chai ilikuwa ngapi, karo ililipwa ngapi, ng'ombe aliuzwa lini na kwa sababu gani. Mwite mtu wa pili atie sahihi kila mwaka, na afadhali awe ni ndugu wa mama wa watoto hao, maana yeye hatakuonea haya. Mtoto akifika miaka kumi na miwili, mwonyeshe mipaka ya shamba kwa mguu, jiwe kwa jiwe, naye amlete mdogo wake aone. Nawe usingoje akuulize. Mtoto aliyelishwa na mkono wako huona aibu kukuuliza, na aibu hiyo ndiyo iliyowatajirisha walezi wengi.

Na wewe kijana ambaye umekwisha kukua, ukakuta mambo yako yalikatwa ulipokuwa mdogo, uliza. Uliza kwa heshima, mbele ya wazee, kama Yoashi alivyouliza. Kwanza mshukuru aliyekulea, kwa maana huenda bila yeye usingekuwapo. Kisha omba hesabu. Shukrani na hesabu haziwezi kugombana.

Wazee wetu walisema, dawa ya deni ni kulipa. Mali ya mtoto ni deni ambalo mdai wake hajajua kusoma. Atajua. Daudi Chwa alijua, Yoashi alijua, na yule mtoto anayelala sasa hivi katika nyumba yako atajua. Kabla ya kulala usiku huu, chukua kalamu uandike mstari wa kwanza: ni vitu gani unavyovishika, navyo ni vya nani.

Mungu awalinde watoto, na awape nguvu walioshika mali yao. Kwaherini.